Zile dakika 11

Hii kitu nimeikalia karibu mwaka mzima leo naitoa tu. Mimi ni mmoja wa wale watu. Wale ambao mtu akipotea, siku ya tatu tushafungua faili, tushachora ramani, tushaamua jirani yupi ana sura ya kutilia mashaka. Tuko watano na hakuna hata mmoja aliyesomea upelelezi: kuna nesi, kuna fundi wa kamera na kompyuta, kuna mwalimu wa hesabu, kuna jamaa tunamwita Popo kwa sababu sijawahi kujua analala saa ngapi, na kuna mimi. Kazi yetu kubishana. Tumebishana mpaka wawili walinuniana miezi miwili kisa rangi ya koti.

Koti ntalirudia.

Kesi yenyewe siitaji, familia bado inasubiri na sioni sababu ya kuwaongezea. Ni binti mtu mzima, alitoka kazini jioni, hakufika kwake. Wote tuliamini ametekwa, na tuliamini hivyo kabla hatujaona chochote, hilo nalikiri mapema. Kulikuwa na klipu moja ya kamera ya nje ya jengo, sekunde 38, mtu anapita kwa miguu, halafu gari linapita taratibu, basi. Na kulikuwa na taarifa kwamba simu yake iligusa mtandao kwa mara ya mwisho saa 20:03.

Sasa pembeni ya ile klipu kuna saa imejiandika, 19:52, yaani saa mbili kasoro dakika nane usiku. Nikaishika ile saa kama mtu aliyeshika mwizi. Kutoa 19:52 kwenye 20:03 unabaki na dakika 11. Kutoka pale kwenye kamera mpaka eneo ambalo simu ilisikika mwisho huwezi kufika kwa miguu ndani ya dakika 11 hata ukimbie, kwa hiyo kapakiwa, na kama kapakiwa basi ni kwenye gari lile lile lililopita taratibu. Mwalimu akanisapoti, tukaweka umbali, tukaweka spidi, tukatoa jibu lenye desimali mbili. Desimali jamani! Nikaandika kurasa sita, nikaweka jina langu juu kabisa.

Nesi akauliza kitu kimoja tu: "Hiyo saa ya kamera nani kaicheki?"

Tukamcheka.

Hebu nieleze kidogo maana wengi mnaofuatilia hizi kesi mnafanya kosa hilo hilo. Mashine inayorekodi kamera ina saa yake ya ndani, na kama haijaunganishwa mtandaoni hiyo saa inateleza taratibu, leo sekunde, baada ya miezi dakika. Umeme ukikatika na kale kabetri kadogo ndani kameisha, inarudi ilikotaka yenyewe. Mtu aliyeifunga aliseti siku ya kwanza halafu akaondoka na hajawahi kurudi. Ndo maana mpelelezi anayejua kazi akifika kwenye kamera kitu cha kwanza anaangalia saa ya kwenye skrini, anaangalia saa halisi, anaandika tofauti. Kabla hata hajaangalia picha. Sisi tulikuwa tumeangalia picha mara mia mbili na saa hatujaiuliza swali hata moja.

Na hiyo "eneo simu iliposikika" nayo, tuliichukulia kama pini kwenye ramani. Sio pini. Rekodi inakwambia mnara gani na mara nyingi upande gani wa mnara, na huo upande unaweza kuwa mitaa kadhaa, sehemu za wazi ni kilomita kadhaa, na simu wala hailazimiki kushika mnara ulio karibu, kukiwa na kilima au watu wengi inaruka inashika wa mbali. Halafu kuna hili la "alizimiwa simu". Simu ukiizima kawaida inauaga mtandao kwanza, ikichomolewa betri au ikiingia pasipo na netiweki inaondoka bila kuaga. Mwenye rekodi za kampuni ya simu anaweza kuona tofauti hiyo. Sisi tulikuwa na tiki moja kwenye meseji, na tiki moja maana yake ni meseji haijafika. Haikwambii kingine. Lakini ukienda kwa Popo tiki moja ilikuwa inamaanisha mtekaji ana uzoefu.

Haya, koti.

Kwenye klipu yule mtu anaonekana amevaa koti jeupe. Binti alitoka kazini na koti jeusi, wenzake wote wanasema jeusi. Hapo ndo tukagawanyika. Mwalimu akasema basi siye yeye. Popo akasema ndiye, alibadilishwa koti, na hapo akajenga ghorofa nzima kwamba kuna mtu alimpa koti kwa hiyo anamfahamu kwa hiyo ni mtu wa karibu kwa hiyo ni ndugu. Kutoka kitambaa mpaka ndugu, kwa hatua nne. Wakatukanana vizuri tu.

Fundi alikuwa kimya muda wote huo. Siku moja akatutumia picha mbili bila maneno. Ya kwanza yuko sebuleni taa inawaka, kavaa jaketi lake jeusi la nailoni. Ya pili amesimama pale pale, taa kazima, kamera imehamia kwenye ile hali ya usiku inayotumia mwanga tusiouona kwa macho, na jaketi limetoka jeupe kama maziwa. Jeupe kabisa! Suruali, ambayo nayo ni nyeusi, imebaki nyeusi. Inategemea kitambaa na rangi iliyotumika kiwandani, nguo nyingine zinaurudisha ule mwanga hata kama mchana ni nyeusi tii. Miezi miwili ya kununiana ikaisha kwa picha mbili, ingawa mwalimu mpaka leo anadai alikuwa na hoja.

Katikati ya ile vita ya koti nesi ndo alituletea kesi ya Natascha Kampusch. Wengi mnaijua lakini mnaijua kwa mwisho wake. Tarehe 2 Machi 1998, Vienna, Austria, mtoto wa miaka 10 anaenda shule, anavutwa ndani ya gari dogo jeupe la mizigo. Kuna shahidi, msichana wa miaka 12, kaona. Kasema gari jeupe, kasema wanaume wawili. Polisi wakakagua mamia ya magari ya aina hiyo, na wakafika mpaka kwa mwenyewe! Wakamkuta, wakamuuliza, akasema gari analitumia kubebea kifusi maana anajenga nyumba, wakaondoka. Mtoto akakaa kwenye chumba chini ya gereji ya yule mtu mpaka tarehe 23 Agosti 2006, siku ambayo alikuwa anasafisha gari kwa mashine ya kufyonza vumbi, simu ya mtekaji ikalia, jamaa akasogea pembeni kwa sababu ya kelele, binti akakimbia.

Sasa kesi imeisha, mtekaji kajirusha kwenye treni siku ile ile, aliyetekwa mwenyewe anasema alimuona mtu mmoja tu. Unadhani watu walinyamaza? Miaka saba mbele bado yule mwanaume wa pili anatafutwa, mpaka ripoti ya mwaka 2013, iliyoshirikisha wataalamu wa FBI na wa polisi ya Ujerumani, ikasema uwezekano mkubwa jamaa alikuwa peke yake. Na hata hapo kuna waliogoma.

Mi ile kesi ilinikera kwa sababu moja, yule shahidi wa miaka 12. Kambi moja inamshika mzima, aliona gari jeupe na likawa kweli, basi na wanaume wawili ni kweli. Kambi nyingine inamtupa mzima. Kumbe mtu anaweza kuona gari vizuri akakosea hesabu ya watu, ndani ya sekunde zile zile, kwa macho yale yale. Sisi tulikuwa hatuna nafasi ya shahidi wa hivyo. Kwetu shahidi ni mkweli au mwongo.

Ukitaka kuona jinsi hilo linavyoumiza angalia ya Elizabeth Smart, Juni 2002, Salt Lake City, Marekani, anatolewa kitandani usiku na mtu mwenye kisu, mdogo wake wa miaka 9 yuko kitanda hicho hicho anajifanya kalala. Miezi inapita. Kuna mtu aliyewahi kufanya kazi pale nyumbani, ana rekodi mbaya, yuko ndani kwa kosa lingine, dunia nzima inamuangalia yeye, anafia mikononi mwa magereza Agosti na hakuwahi kushtakiwa kwa ule utekaji. Oktoba yule mtoto ghafla anakumbuka: ile sauti ni ya mtu aliyekuja kusaidia kazi ya paa siku moja, akijiita Emmanuel. Miezi minne baadaye! Nawajua wenzangu, tungemchana. "Amekumbuka saa hizi? Nani kamfundisha?" Na wapelelezi nao hawakuipa uzito sana, familia ndo ikahangaika na mchoro wa sura ukatoka Februari 2003, na tarehe 12 Machi wapita njia wakamtambua yule mtu barabarani, Elizabeth akiwa naye, hai.

Au baba wa kambo wa Jaycee Dugard. 1991, anamuona mtoto wa miaka 11 anaingizwa kwenye gari, anakimbiza na baiskeli, halafu anaishi na kidole cha watu kwa miaka 18 mpaka binti anapatikana Agosti 2009. Kosa lake alikuwa karibu mno.

Kuna kitu kingine sisi tunakipenda kuliko vyote, "halii kama mtu aliyefiwa", "haongei kama mtu aliyetekwa". Denise Huskins, Vallejo, California, Machi 2015, anatekwa, anarudi hai na polisi wanatoka mbele ya kamera kusema kama vile ni maigizo. Miezi mitatu baadaye mtekaji anavamia nyumba nyingine, anaangusha simu, wanamfuata mpaka wanamdaka, na kila alichosema Denise kikawa kweli. Novemba 2016, jimbo hilo hilo la California, Sherri Papini anapotea siku 22, anarudi na majeraha na minyororo, watu wanalia naye, na ilikuwa uongo mtupu, alikuwa kwa mpenzi wake wa zamani, vinasaba kwenye nguo ndo vilimuumbua na 2022 akakiri. Ukituuliza sisi kwa sura tu, tungekosa zote mbili. Nesi anasema amewaona watu wanapokea habari za msiba wakauliza pakingi inafungwa saa ngapi. Baada ya hapo na mimi niliacha kusoma sura.

Popo hupenda kuleta ya Gabby Petito, yule msafiri wa Marekani aliyepotea kumbe kauawa, kama kinga. 2021, haikuwa utekaji lakini ni kweli, familia moja ya wasafiri ilipekua vidio ya kamera ya gari lao wakaona vani yake nyeupe imepaki karibu na Spread Creek, Wyoming, wakapeleka. Ilisaidia kweli. Lakini wale walikuwa wamepita pale, tarehe 27 Agosti, na vidio ni yao. Sisi hatukuwa tumepita popote. Tulikuwa na klipu ambayo kila mtu anayo, na muda mwingi.

Na hapa ndo napopata tabu kuandika. Zile kurasa sita tulizituma kwa wapelelezi wa kesi, sawa. Ila Popo alimpa pia ndugu mmoja wa binti, pamoja na namba ya lile gari aliyoikisia kutoka kwenye fremu yenye ukungu, herufi mbili za uhakika na zilizobaki za imani. Yule ndugu akaenda mpaka mlangoni kwa mtu. Hakumpiga, nashukuru. Alisimama nje akamuuliza kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, dada yangu yuko wapi, na watoto wa yule mtu wako dirishani. Jamaa alikuwa anatoka kazini kila siku kwa njia hiyo, na anaendesha taratibu kwa sababu barabara ina matuta.

Wiki mbili baadaye fundi akapata kuongea na mlinzi wa lile jengo. Saa ya kamera iko nyuma dakika 40. Iko hivyo tangu umeme ulipokatika kipindi fulani na hakuna aliyejali.

Piga hesabu. Klipu sio ya 19:52, ni ya 20:32. Simu ilikuwa imeshapotea hewani dakika 29 kabla huyo mtu hajapita. Inawezekana ni yeye simu imeisha chaji mkononi, inawezekana siye kabisa. Dakika zangu 11 hazikuwahi kuwepo.

Niliandika upya. Safari hii mistari mitatu: saa ya klipu si sahihi, iko nyuma dakika 40, rangi ya koti haiwezi kujulikana kwa ile picha, gari tulilolitaja hatuna sababu yoyote ya kulihusisha, tunaomba radhi. Nikatuma kwa yule yule afisa tuliyemtumia zile kurasa sita. Kwa yule mwenye gari nilienda mwenyewe, alinisikiliza akiwa kashika mlango, akaufunga taratibu.

Afisa alijibu siku hiyo hiyo jioni. "Asante. Suala la saa tunalijua tangu siku ya pili."

Nikawaonyesha wenzangu. Mwalimu akaanza kuuliza kwa nini basi hawakusema. Nesi hakusema kitu.