Jinsi nilivyofungua paneli ya mlango wa gari bila kuikwaruza

Kioo cha mlango wa dereva kilikwama katikati, na masika yameshaingia hapa Unguja. Kuifikia mashine ya kioo, lazima paneli ya ndani itoke. Mlango wa nyuma niliwahi kuufungua kwa bisibisi bapa. Ilichimba plastiki na klipu tatu zinazoishikilia paneli zikakatika. Kovu lile lipo hadi leo, na linaniuma.

Safari hii nilikwenda Darajani nikanunua vibanduo vya nailoni, vifaa vya kubandulia paneli. Nailoni ni laini kuliko chuma: nguvu ikizidi, hupinda au kulika yenyewe kabla ya kuumiza paneli. Ila vijaribu mkononi kwanza. Vile vinavyonesa ovyo viache, ncha hujikunja na klipu haitoki. Kimoja kiwe na ncha nyembamba ya kupenyeza, kingine kiwe na ncha ya pacha, kama mkia wa mbayuwayu, inayoikamata klipu shingoni. Hicho cha pacha ndicho kilichoniokoa.

Skrubu zote zitoke mwanzo. Yangu moja ilijificha chini ya kifuniko nyuma ya kitasa. Gari niliiacha juani kidogo, maana plastiki yenye joto haivunjiki upesi. Nikabandika selotepu ya karatasi ukingoni, nikaanza chini, kibanduo kikiwa karibu kabisa na klipu. Tak, tak, zikaachia. Nikainyanyua paneli kuelekea juu, taratibu, nikachomoa soketi ya swichi.

Hakuna hata mkwaruzo. Klipu mbili zilizochakaa nilizibadilisha, na kioo kinapanda.