Siku moja maishani mwangu: fundi wa nyavu, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Kabla ya uji najaza uzi kwenye sindano za kushonea nyavu. Nazijaza zote kwa mkupuo, kwa sababu uzi ukikuishia katikati ya mstari, mkono unapoteza kipimo chake, na macho ya wavu, yaani matundu yake, yanayofuata hayalingani na yaliyotangulia.

Nashona nyavu za namna nyingi. Wavuvi wa Mtera huniletea zao zilizochanika, na shule zinataka za magoli. Leo nashughulika na nyavu za mfuko, za kukamatia sungura wa kufugwa. Sungura wote tunaowafuga wametokana na sungura wa Ulaya, na yule ni mchimbaji. Ukimwachia chini uani badala ya kumweka kwenye banda la juu, atajichimbia handaki lenye milango miwili mitatu, na siku ya kumhamisha utamfukuza mpaka uchoke. Uingereza wavu huu hutegwa mdomoni mwa shimo, kisha wanamwingiza fereti, mnyama mdogo mwembamba, amtoe sungura mbio. Huku kwetu tunasubiri jioni, sungura anapotoka mwenyewe kutafuta chakula.

Saa 1. Nimekaa chini ya mwarobaini, pete ya kwanza ya chuma nimeifunga kwenye msumari uliopigwa shinani. Naanza na vitanzi 16 kwenye pete hiyo. Kibao changu cha mninga, ninachopimia macho, kina upana wa sentimita 5, kwa hiyo kila upande wa jicho unakuwa sentimita 5.

Fundo lenyewe ni hivi. Sindano inapita ndani ya jicho la juu, navuta mpaka jicho liguse ukingo wa kibao, kidole gumba kinabana hapo hapo. Uzi naurusha kushoto ufanye kitanzi, sindano inazunguka nyuma ya nyuzi zote mbili za jicho na kutokea ndani ya kile kitanzi. Nakaza. Kidole kikiachia kabla ya kukaza, fundo linashuka chini ya jicho na litateleza siku sungura atakapolivuta. Nailoni haioni huruma: ina utelezi, kwa hiyo kila fundo nalikaza mpaka nilisikie limekaa.

Mstari baada ya mstari, mpaka wavu ufike kama mita 1. Macho ya mstari wa mwisho yote nayakusanya kwenye pete ya pili.

Saa 5. Hapa ndipo penye wavu wenyewe, kwa maoni yangu. Wengi wakiushika wanatazama mafundo, mimi natazama kamba ya pembeni. Inapita kwenye kila jicho la ukingo, kushoto na kulia, na ndani ya pete, mwisho wake umefungwa kwenye kigingi. Sungura akiupiga wavu kwa kifua, macho yanateleza juu ya kamba, pete zinakaribiana, mdomo unafumba naye yumo ndani. Kamba ikikwama hata sehemu moja, sungura atapita pembeni. Ndiyo maana pete ninazochongewa kwa fundi wa kuchomelea nazipiga tupa, halafu msasa, kisha napitisha ncha ya kidole kwenye kiungio. Kidole kikihisi kikwaruzo, narudia.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda. Upepo umeanza na vumbi lake, nahamia barazani.

Saa 8. Kijana amepiga simu, anataka nyavu hizi za sungura wa porini. Nimemkatalia. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Tena sungura wetu wa porini hachimbi handaki. Mchana analala kwenye nyasi, na akishtuka ana nchi nzima ya kukimbilia. Wavu wa mdomo wa shimo utamtegea wapi?

Saa 10. Bodaboda mpaka Nala, kwa mama mmoja mfugaji.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu. Hawa viumbe wameshafika chini ya ukuta wa jirani.”

Tukazunguka ua kutafuta mashimo. Ukisahau mlango mmoja umefanya kazi bure. Kila wavu unalazwa pete moja juu ya mdomo, nyingine chini, macho yametandazwa bila kubana, kigingi kimepigwa imara kwenye udongo. Kisha watu wote kimya, watoto ndani.

Saa 12 jioni kasoro. Wa kwanza katoka dume la kijivu, na wavu ukafumba palepale. Sungura aliyenaswa usimvute. Nalegeza kamba kwanza, nampakata, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio. Kumnyanyua kwa masikio ni ukatili, na akirusha mateke bila kushikiliwa nyuma anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Nikamwonyesha mama, akamshika wa pili mwenyewe, vizuri kabisa.

Watoto wa sungura walipenya kwenye macho.

Saa 2 usiku. Nimerudi, daftari liko mezani. Oda ya mama: nyavu 4 za watoto, kibao cha sentimita 3, na kamba ndefu zaidi kwa lile shimo la ukutani, maana pale kigingi hakiingii karibu. Kibao cha kipimo hicho sina, kesho asubuhi nakichonga kwanza.