Nyumba ikiungua, hela inaliwa na vile vilivyobaki vimesimama

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye nyumba imeungua juzi tu, amesimama uani hajui aanzie wapi, na fundi anamwambia "bosi hapa milioni 9 tunamaliza kazi". Usikubali kwanza. Wala usigombane nae maana hakudanganyi, ila fundi akiingia kwenye nyumba iliyoungua anahesabu vilivyoungua, na vilivyoungua ndo sehemu rahisi kuliko zote, unabomoa unatupa unanunua vipya basi. Hela inakuja kuliwa na vile ambavyo ukiviangalia kwa macho unasema alhamdulillahi hivi vimepona.

Sisi ni nyumba ya mama, Tabata. Moto ulianzia sebuleni kwenye ekstensheni nyuma ya friji, ukachukua sebule na chumba kinachofuata, zimamoto wakaja wakaudhibiti, na hakuna mtu aliyeumia, hilo namshukuru Mungu kila siku. Vyumba vingine, jiko na choo vilikuwa na masizi tu, ndo tulivyoona. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ilikuwa kenchi (zile mbao zinazobeba bati) upande mmoja, bati za upande huo, jipsam, milango miwili na rangi nyumba nzima, jumla milioni 9. Mpaka sasa tumefika milioni 21 na jiko bado halijakaa sawa, na katika hiyo tofauti hakuna hata shilingi iliyoibiwa, yote ni vitu ambavyo vilionekana vizima.

Chukua paa. Nyumba zetu nyingi kuta za ndani zinaishia usawa wa dari, juu kote kuko wazi kutoka sebuleni mpaka chooni, sasa moto ukishatoboa dari sehemu moja ule moshi wa moto unatembea juu ya nyumba nzima, huku chini kwenye chumba cha mwisho hata pazia halijaungua. Zinki iliyopakwa kwenye bati inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, kwa hiyo bati inaweza kuwa imekaa pale pale, haina tundu, haijapinda, lakini kinga yake imeshaondoka na masika ya kwanza inaanza kutu. Tulipanda juu tukakuta bati za upande wa "uliopona" kwa chini zimebadilika rangi na mbao za kenchi zimekuwa nyeusi. Mbao nyeusi peke yake sio shida, mbao nene ikiungua juu juu ndani inaweza kuwa nzima kabisa, ni kukwangua na panga mpaka ufike kwenye mbao yenyewe halafu unaangalia imebaki unene gani. Za kwetu ni nyembamba, inchi mbili kwa nne, ukikwangua pande zote haibaki kitu, ikabidi zitoke.

Umeme ndo kitu ambacho nakuomba usibane hela hata kidogo. Waya wa kawaida wa nyumbani ule wenye ganda la plastiki umetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, na juu ya dari siku ile kulikuwa na joto mara nyingi zaidi ya hapo. Fundi wa kwanza akasema tubadilishe wayaringi ya vyumba viwili tu, kwingine akapima taa zikawaka, akasema pako sawa. Mi nikamwita mwingine mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, akafungua soketi moja ya chumba cha mama ambacho hakikuungua kabisa, akavuta waya taratibu, ganda likavunjika vunjika mkononi mwake likabaki shaba tupu. Yani nyumba iliyotoka kuungua kwa umeme tulikuwa tunataka kuiwashia umeme kwenye waya wa namna ile! Tukabadilisha nyumba nzima, paipu, soketi, meni switchi, vyote.

Na moshi wa plastiki una jambo lake jingine. Ile plastiki ya waya na paipu ikiungua inatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, na Dar unyevu haukosekani, tena nyumba imetoka kumwagiwa maji. Hiyo asidi inakaa kwenye bawaba, kwenye vitasa, ndani ya tivi. Tivi ya chumbani iliwaka vizuri tu baada ya moto, ikaja kufa baadae kidogo kidogo. Ukisafisha mapema unaokoa vingi, ukisubiri vinaliwa kimya kimya.

Masizi nayo msikimbilie kufuta na tambara la maji, yale yana mafuta, yanasambaa na kuzama kwenye ukuta. Kwanza unayatoa makavu, kwa brashi laini au vakyumu, funga pua na mdomo vizuri, halafu ndo unaosha na maji ya sabuni kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isikomae kwenye ukuta mkavu. Na usikubali rangi ya maji ipakwe moja kwa moja juu ya masizi, jirani yetu mmoja alishaambiwa hivo kwenye nyumba yake, baada ya muda manjano ikatokeza na harufu ikarudi palepale kila jua likiwaka. Lazima kwanza ipakwe koti ya rangi ya mafuta ya kuzibia, na hiyo koti kwenye hesabu ya kwanza haipo kabisa.

Sasa ukuta wenyewe. Tulipata fundi mmoja mtu mzima, akapita chumba hadi chumba anagonga lipu kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio, lipu nzima inalia kavu, ile iliyoachia tofali inalia kama debe tupu, anaweka alama ya chaki. Alipofika mlango wa sebule akachonga kipande cha lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya mlango, zege ndani lilikuwa limegeuka wekundu wekundu na kokoto zikawa zinatoka kwa vidole. Akamwambia mama, "Mama, lenta hii imeiva." Mama akamuuliza, "Imeivaje tena, fundi?" Akamweleza vizuri kabisa, kwamba zege likipita nyuzi joto 300 hivi linaanza kubadilika rangi, sio kila zege maana inategemea kokoto, lakini ukiona wekundu ule jua nguvu imeshapungua, na likimwagiwa maji likiwa la moto linapasuka ndani. Lenta ya sebuleni ikavunjwa, ya chumbani ikapona. Kwako kama ni ghorofa usitegemee sikio la mtu, lipa injinia apime, ni hela ndogo ukilinganisha na slabu kuja kukuangukia.

Soko la Kariakoo ni mfano mkubwa wa hiki ninachosema. Liliungua Julai 10, 2021, jengo la zege la mwaka 1975 alilolichora Beda Amuli, na zile nguzo zake kubwa kila mtu aliziona zimesimama. Lakini kulikarabati pamoja na kujenga soko jipya pembeni serikali ilitenga zaidi ya bilioni 28, na kazi ikachukua miaka.

Kifusi nisisahau, kikilowa kinakuwa kizito na tripu zinaongezeka. Na kodi ya pa kukaa wakati nyumba inatengenezwa, na wenye nyumba wa Dar wanataka miezi sita mkupuo.

Bima tulikuwa nayo, kwa sababu kaka aliwahi kuweka ile nyumba dhamana ya mkopo na benki wakataka bima ya moto. Shida ni kwamba kiasi kilichoandikwa kilikuwa kile cha mkopo, milioni 30, wakati kuijenga upya ni kama milioni 60. Mkataba wa bima ya moto kwa kawaida una kipengele wanaita averaji, maana yake umekatia nusu ya thamani basi na hasara yako inalipwa nusu, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Kwa hiyo hasara ya milioni 21 inakuwa milioni 10 na nusu, halafu wanatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima anabeba mwenyewe, na benki ikiwa bado inadai ina haki kwenye malipo kabla yako. Kifusi nacho angalia kama kimetajwa, kisipotajwa hakilipwi. Na msibomoe wala kufagia chochote kabla mkadiriaji hajafika na hamjapiga picha kila kona, mkiwa na ripoti ya zimamoto na ya polisi mkononi.

Mkopo kaka ameshamaliza na bima ya mama tumeikata upya, safari hii kwa gharama ya kujenga upya jengo lenyewe bila kuhesabu kiwanja, maana kiwanja hakiungui, kifusi kimo, kodi ya pa kukaa imo, na kila mwaka kabla ya kulipia tunampigia fundi kwanza atuambie saruji na nondo zimefika bei gani.