Mia yako ni ya ngapi?

"Mia yako ni ya ngapi?"

Tangu Jumatano swali hili halinitoki. Mzee wa meza ya dirishani, kwenye chumba cha kusomea nyaraka, aliliuliza kwa sauti ya chini, hata macho hakuinua. Nikamjibu, "Mia ni mia." Akasema, "Kwa mbao, hapana," akarudi kwenye karatasi zake. Ijumaa tumehama nyumba, mdogo wangu amepata kazi, na bado ninachokisikia masikioni ni ile "hapana".

Ninachunguza biashara ya zamani ya mbao ya Port Glasgow, mji wa bandari wa Uskoti. Nilikuwa nanakili madaftari ya forodha ya kila robo mwaka, yale ya 1742 hadi 1830 yaliyohifadhiwa Edinburgh. Mbao za msonobari zimeandikwa kwa safu tatu: mamia, robo, vipande. Nikiona 14, 2, 10 naandika 1,460. Kumbe mia ya mbao ilikuwa 120 na robo yake 30. Hesabu ni 1,680, na 60, na 10: mbao 1,750. Mstari mmoja tu umeninyima mbao 290, na mistari hiyo nimeinakili miezi miwili mizima.

Kinachouma ni kwamba daftari lenyewe lilikuwa linaniambia. Robo ingekuwa 25, safu ya tatu isingevuka 24, maana ubao wa 25 ungehamia safu ya robo. Nimeurudia ukurasa wa kwanza. Wino umefifia ukawa rangi ya chai, na pale kwenye safu ya tatu pana 27, imeandikwa wazi kabisa. Niliinakili kwa mkono wangu nikapita. Atakayeyafungua madaftari haya aanzie hapo: atafute 25 hadi 29 katika safu ya mwisho kabla hajajumlisha chochote.

Magogo ya New Brunswick, kule Kanada, yale yaliyochongwa pande nne, yana mtego wake. Kule yanakopakiwa waliyahesabu kwa tani, yaani futi za ujazo 40. Forodha ya Uskoti ikayaandika kwa lodi, na lodi ni futi 50. Kwa hiyo tani 500 zilizopakiwa Miramichi, huko huko New Brunswick, zinateremshwa Port Glasgow zikiwa lodi 400. Pembeni nilikuwa nimeandika, "100 zimezama?" Hakuna kilichozama. Ni futi 20,000 zilezile. Nimeifuta ile alama ya kuuliza.

Jana usiku nikampigia Baba, Lamu.

"Shikamoo Baba. Eti korija ya boriti ni ngapi?"

"Marahaba. Ishirini. Kwani umesahau?"

"Na korija tano?"

"Si mia hiyo!"

Sikuwa nimesahau. Nimekulia mahali ambapo boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba kwa korija, fito nazo kwa korija, na mtoto hakuhitaji kuelezwa kwamba bidhaa huja na hesabu yake. Hapo uchungu ukaniisha. Mwandishi wa forodha wa Port Glasgow hakuwa ananificha kitu. Alihesabu kama wenye mbao walivyohesabu. Leo nimerudia kurasa kumi na moja na nimezifurahia zote, hata zile zenye madoa.

Limebaki jambo la mabwawa. Magogo yakishateremshwa yaliachwa yakielea ndani ya uzio wa nguzo, kwenye tope la pwani mashariki ya mji kuelekea Langbank, maji yakijaa na kupwa. Gogo likikaa majini halipasuki kama lile lililoachwa kwenye jua na upepo. Nguzo zipo mpaka leo. Maji yakipwa utaziona safu baada ya safu. Basi mzigo ulioandikwa forodhani Oktoba huenda mnunuzi wake alipatikana mwaka uliofuata. Kulinganisha yaliyoingia na yaliyouzwa mwezi kwa mwezi hakufai. Nitalinganisha kwa miaka miwilimiwili, mitatumitatu, nione.

Baba alipotamka "ishirini" alikohoa mara mbili kabla ya kuendelea. Dawa ya kifua aliyopewa mwezi uliopita alisema ameimaliza. Ameimaliza au ameiacha, sijui, na Mama akishika simu ananiuliza habari za nyumba mpya tu.