Isale na Mizizi Yake

Nyumba ya baba mkubwa kule kwetu Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, hukaa imefungwa karibu mwaka mzima. Ina vigae vyekundu na geti la chuma, na wanaoishi humo ni mlinzi na popo wa darini. Ikifika Desemba, Wachaga wote wa Dar wakiwa barabarani kurudi nyumbani, madirisha yanafunguliwa, mashuka yanaanikwa, jenereta linapimwa mafuta. Sisi tulikaa nyumba ya chini, ya Bibi, kwa sababu baba yangu ni mtoto wa mwisho na kwa desturi yetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Maana yake kwa vitendo: baba ndiye anayechimbua migomba na kukatia ng'ombe majani, na mama ndiye anayepikia kila anayeshuka kwenye basi.

Desemba ya 2014 walikuja wote. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na miaka 16, mimi 13. Alisoma shule ya gharama huko Dar na alikuja na raba nyeupe ambazo kazi ya kuzifuta tope ilikuwa yangu. Aliniita Ng'ombe wa Ndani, kwa kuwa, alisema, nimezaliwa bandani, nalishwa bandani na sijawahi kuona nje. Lilichekesha, sikatai. Hata mlinzi alicheka.

Siku chache kabla ya Krismasi alichukua viatu vyangu vya shule. Vilikuwa vipya kabisa, mama alivinunua kwa fedha ya maziwa, kwani Januari nilikuwa naingia kidato cha kwanza. Alivipeleka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya kumwagilia, unaopita nyuma ya zizi, akawaambia wenzake, "Tuone kama Ng'ombe ana meli." Cha kushoto kikanasa kwenye nyasi. Cha kulia kikaenda. Mfongo wetu una kasi, maji yanatoka juu msituni, nami nilikimbia sambamba nacho kupita kahawa ya jirani hadi kwenye kalvati, kikaingia na hakikutokea upande wa pili. Nilipomweleza mama alikuwa anakoroga mtori. Hakuinua macho. "Sikukuu ipite kwanza," alisema.

Usiku ule ule tulikwenda kuangalia tamthilia nyumba ya juu. Hata mimi nilikwenda. Televisheni ile ilikuwa kubwa kama mlango na sikuwa na kiburi cha kuisusia. Dada, mkubwa wa kaka, alikuwa amekuja na flashi iliyojaa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa na dijei, yule anayeongea peke yake kwa sauti ya wote, wanawake kwa wanaume, na kuongeza utani wake pale waigizaji wanaponyamaza. Tulikuwa tukiangalia The Heirs, ya mwaka 2013, vipande 20 vya vijana wa matajiri wa Seoul wanaosoma shule moja. Humo kuna msichana, Eun-sang, ambaye mama yake ni bubu na anafanya kazi za ndani kwa familia ya kijana anayempenda. Mama yangu alipokuwa anapita na sinia la chai alisimama kumtazama yule mama, kisha akaendelea na sinia lake.

Lakini wa kuzungumzwa sebuleni hakuwa Eun-sang. Alikuwa Choi Young-do, aliyeigizwa na Kim Woo-bin: mtoto wa mwenye hoteli, mrefu, macho ya kuchokoza, mtesaji. Anayemtesa zaidi ni Joon-young, kijana aliyeingia shuleni hapo kwa ufadhili, na anamtesa mpaka kijana wa watu anahama shule. Vipande vya mwanzo kaka alimpenda Young-do kupita kiasi. Aliiga mwendo wake, akaiga namna anavyoinamisha kichwa kabla ya kusema neno baya. Dada zangu nao walimpenda, kwa sababu nyingine. Kila alipofanya unyama walisema, "Lakini jamani, mama yake alimkimbia." Ni kweli, mama yake aliondoka nyumbani na hakupata hata kumuaga. Tena baba yake anampiga, anamtuma kuosha vyombo jikoni kwenye hoteli yao wenyewe kama adhabu. Mimi nilikuwa nasikia hizo huruma na kuwaza kwamba Joon-young hakuna aliyeuliza mama yake yuko wapi.

Usiku ule kaka hakuiga kitu. Wengine wangesema ni yale ya Joon-young yaliyomgusa. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye kuliko televisheni, na naamini ilikuwa ile sehemu ya baba. Baba mkubwa naye alikuwa na mkono mwepesi. Young-do alipopigwa, kaka alichukua simu, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi amejifunika khanga mbili, akiuliza maswali kwa Kichaga, nasi tukimjibu kwa Kiswahili.

"Huyu mtoto wa hoteli," aliuliza, "mwisho anakuwaje?"

Dada alikwisha kuimaliza yote. Akasema huko mwishoni Young-do anajutia, anamtafuta yule Joon-young, anakwenda kumwomba msamaha.

"Amekwenda na nini?"

"Na nini vipi, Bibi?"

"Mkononi. Ana nini mkononi?"

"Hana kitu. Anaongea tu."

"Na mwenzake?"

"Anakataa."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Basi si atakataa? Mtu anaombwa radhi kwa mikono mitupu!" Akaanza kuwaeleza wale wa Dar habari za isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwetu: kwamba kwetu aliyekosa anachukua jani la isale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ni damu imemwagika. Akikataa, balaa linamgeukia yeye. Dada waliona ni jambo zuri sana, mmoja akasema Wakorea wangekuwa na isale tamthilia ingekwisha mapema. Mimi sikuliona zuri kiasi hicho. Joon-young angalau alikuwa na shule nyingine ya kwenda na mdomo wa kusema hapana. Mimi kihamba changu, shamba la ukoo tunaloishi, ni hiki hiki, kaka atarudi Desemba ijayo na ijayo, halafu na hapana yangu nayo nimenyang'anywa? Jenereta lilizimika tukiwa katikati ya kipande kile. Tukatawanyika kwa tochi za simu.

Alfajiri nilikuwa nakatakata mgomba wa ng'ombe nilipomwona kaka anakuja. Kifuani alikuwa amekumbatia isale zima. Si jani, mti! Refu kumpita, na mizizi yake, na udongo ukimdondokea kwenye raba. Alisimama mbele ya zizi akihema.

"Chukua," alisema.

Nilipokea, ningefanyaje. Lilikuwa zito. Hakusema pole, hakutaja kiatu, alibaki akinitazama kama mtu anayesubiri risiti. Kama Bibi alimtuma au alijituma, mpaka leo sijauliza. Nikamwuliza tu amelitoa wapi, akaonyesha kule chini kwenye kahawa.

Asiye Mchaga hawezi kujua kwa nini miguu ilinilegea. Kule chini kwenye kahawa ndipo mpaka wetu na jirani ulipo, na mpaka wenyewe ni masale. Yamepandwa na babu wa babu. Hati hatukuwa nayo, yalikuwepo masale. Kung'oa isale la mpaka ni kama kumwingilia mtu shambani kwake na kumwambia hapa si kwako, na kuna koo ambazo hazisalimiani hadi leo kwa jambo dogo kuliko hilo. Kabla sijamaliza kumweleza, jirani alikwisha kufika getini kwa baba mkubwa, panga mkononi, akiita majina ya marehemu wa pande zote mbili.

Mkesha wa Krismasi ukaenda kwa kesi. Wazee wanne walikuja, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, baba mkubwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akijifuta jasho na kurudia kwamba mtoto hajui, mtoto amekulia mjini. Kaka akaambiwa achimbe shimo mwenyewe. Baba yangu ndiye aliyejua hasa lilipokuwa limesimama, maana yeye ndiye anayelima pale kila siku, na kwa mara ya kwanza likizo ile nilimwona baba mkubwa akimwuliza mdogo wake jambo na kusubiri jibu. Isale likarudishwa. Kisha Bibi akakata jani moja, safari hii jani, akalifunga fundo, akampa kaka ampelekee jirani kwa mikono miwili.

Jirani alipokea. Angekataaje? Akanywa, akafuta povu mdomoni, akasema, "Nimesamehe. Moyo wangu mweupe. Sasa migomba yangu miwili aliyoikanyaga akipita, nani analipa?"

Wazee wakaitikia kwamba hilo ni haki yake, radhi ni radhi na hasara ni hasara. Baba mkubwa akatoa pochi bila ubishi, akahesabu.

Alikuwa anaifunga pochi mama alipotokea na ndoo ya pili ya mbege. Akaiweka chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akapiga goti kidogo mbele ya shemeji yake kama inavyotakiwa.

"Shemeji, usiirudishe mfukoni kwanza," alisema. "Mwanangu naye alishapokea isale asubuhi, tena pamoja na mizizi. Kuna kiatu cha kulia."

Mzee mmoja akapaliwa na mbege. Baba mkubwa alimtazama kaka, akamtazama mama, akauliza viatu vyenyewe ni namba ngapi, kana kwamba bei hutegemea hilo. Tarehe 27 tulishuka na mama hadi soko la Memorial, tukachagua jozi iliyonizidi namba moja ili inifikishe kidato cha pili, na chenji iliyobaki mama akanunua sukari yake mwenyewe, akaifunga kwenye pembe ya khanga, na nyumba ya juu hakuipeleka.