Herufi R

Mtu wa eksirei alitoka na filamu bado inachuruzika maji. Aliishika kwa pembe zake mbili, akamtazama mdogo wangu, akaitazama tena filamu, kisha akasema, "Binti, rudi ndani. Tunapiga nyingine." Nikabaki kwenye benchi la koridoni nikisikiliza kupitia mlangoni: vuta pumzi, ibane, usitikisike. Mashine ikalia kidogo. Halafu kikohozi. Kikohozi kile ningekitambua hata katikati ya soko, kizito, cha majimaji, kinachotoka mbali kifuani.

Ilikuwa Agosti 2012, Dar es Salaam. Mdogo wangu alikuwa na miaka 13, mimi nikiwa chuoni mwaka wa pili. Nilikuwa nimempokea Ubungo jana yake akitokea Korogwe, amebeba begi la shule na bahasha kubwa ya kaki yenye filamu ya zamani. Mama alimwonya asiikunje wala kuikalia, naye akasafiri nayo magotini njia nzima.

Nyumbani kwetu hakuna aliyekumbuka siku ambayo mtoto huyu hakuwa na mafua. Mama husema yalianza hata arobaini haijatoka. Baadaye masikio yakawa yanatoa usaha, yanakauka, yanaanza tena. Daftari lake la zahanati lilijaa, likashonewa jingine, na karibu kila ukurasa una neno nimonia. Darasani alikaa dirishani, si kwa kupenda, ila wenzake waliogopa kukaa karibu naye.

Alipofika miaka 11 akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Makohozi yalikuwa yamepimwa mara tatu bila kuonekana kimelea, lakini kikohozi kilikuwepo, wembamba ulikuwepo, na picha ya kifua ilionyesha makovu. Sitaki kumwonea daktari aliyeamua vile. Kwetu, mtu anayekohoa miezi na miezi, kifua kikuu ndicho kinachotangulia kichwani, na mara nyingi ndicho chenyewe. Mdogo wangu alimeza vidonge miezi 6 bila kuruka hata siku moja, mama amesimama mbele yake mpaka ameze. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, kama tulivyoambiwa. Jirani mmoja akamtengea kikombe. Miezi 6 ikaisha, kikohozi kikabaki palepale.

Mlango ukafunguliwa. Safari hii mtu wa eksirei alikuwa na filamu mbili na uso wa mtu aliyeamua jambo. "Herufi nimeibandika mwenyewe," akaniambia, kana kwamba nimembishia. "Mara ya pili nimehakikisha mara mbili. Twendeni kwa daktari."

Inafaa nieleze habari ya herufi hiyo, maana ndiyo iliyobeba kila kitu. Kabla ya kupiga picha, mpigaji huweka kando ya mwili kiherufi cha madini ya risasi, R kwa upande wa kulia au L kwa upande wa kushoto. Mionzi haipenyi risasi, kwa hiyo herufi hutokea kwenye filamu, nyeupe kama mfupa. Filamu ni kitu cha kuonea pande zote mbili. Ukiigeuza, kulia kunakuwa kushoto, na macho hayawezi kujua, isipokuwa kwa herufi hiyo, ambayo itasomeka kinyume kama kwenye kioo.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Tukamwamkia, akaitikia huku anazipachika filamu kwenye sanduku la taa. Ncha ya moyo wa mtu kwa kawaida huelekea kushoto kwake. Wa mdogo wangu ulikuwa umelalia kulia, upande uleule wenye R, na R inasomeka sawasawa. Chini yake, daktari akatuonyesha kiputo cheusi: hewa ya tumboni, ambayo kwa watu wengine hukaa chini ya pafu la kushoto. Nacho kilikuwa kulia.

Hakusema kitu kwanza. Alimwita mdogo wangu, akaweka kipimo chake cha masikioni kifuani kushoto, akasikiliza, akakihamisha kulia, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaomba ile bahasha.

Akaitoa filamu ya mwaka 2010. Kwenye kona kulikuwa na msalaba wa kalamu nyekundu na mshale, alama ya mtu aliyewaelekeza wengine namna ya kuitundika. Akaitundika kwa kufuata mshale: moyo ukakaa kushoto, kila kitu mahali pake. Lakini pembeni palikuwa na R iliyogeuka, mgongo wake umeelekea kusikostahili. Daktari akaigeuza. R ikasomeka, na moyo ukaenda kulia.

"Hii nayo ilikuwa inasema," akasema taratibu. "Mtu aliuona moyo kulia akadhani filamu imekaa vibaya. Akaigeuza."

Nilihisi hasira, kisha hasira ikanirudia mwenyewe. Nilikumbuka siku moja nyumbani, yeye ana miaka mitano hivi, ametoka kuruka kamba. Alikuja kwangu anahema, amejishika kifua kwa kiganja, akasema, "Kaka, moyo wangu unagonga hapa." Alikuwa amejishika kulia. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na biolojia ilikuwa bado mbichi kichwani. Nikamwambia moyo hauko huko. Nikaushika mkono wake nikauhamishia kushoto. Akaubakiza pale kwa sababu kaka yake amesema.

Yaliyofuata yalichukua siku kadhaa. Kwenye ultrasaundi tuliliona ini upande wa kushoto na bandama kulia. Fedha za siti skani zilichangwa na wajomba. Picha hizo hukata kifua vipande vipande kama mkate, na ndani yake daktari bingwa wa mionzi alitafuta kitu ambacho eksirei ya kawaida ilikionyesha kama ukungu tu. Akakipata: njia za hewa zilizopanuka na kulegea, zimetuama makohozi. Kichwani nako, matundu ya mifupa ya uso, ambayo yanapaswa kuwa na hewa, yalikuwa yamejaa.

Nikauliza kama moyo kukaa kulia ndio ugonjwa wenyewe. Daktari akatikisa kichwa. Kuna watu, alisema, ambao viungo vyao vyote vimegeuka pande, nao huzeeka bila kuumwa wala kujua. Ila ukikuta moyo kulia, ukakuta mafua yasiyokoma, ukakuta na njia za hewa zilizopanuka kwa mtoto, hivyo vitatu ni kitu kimoja. Daktari aitwaye Manes Kartagener, wa Zürich, aliviandika pamoja mwaka 1933, na ugonjwa ukachukua jina lake.

Kwa nini pafu lijue moyo umekaa wapi? Swali hilo lilininyima usingizi, na jibu lake bado linanishangaza hadi leo. Njia zetu za hewa zimetandikwa vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea mfululizo na kusukuma kamasi na vumbi kwenda juu. Mwaka 1976 Mswidi Björn Afzelius alieleza alichokiona kwa hadubini ya elektroni: wagonjwa wa aina hii vinyweleo wanavyo, lakini vimekosa vijimkono vya ndani vinavyovipa mwendo. Kamasi linatuama, vijidudu vinazaliana, njia zinaharibika. Na vinyweleo vya namna hiyo ndivyo pia vinavyoipa mimba changa upande wake, vikisukuma maji kuelekea kushoto ili moyo ujue pa kwenda. Visipopepea, ni bahati tu. Ndiyo maana karibu nusu ya wenye vinyweleo vibovu hutokea wamegeuka, na nusu nyingine moyo wao uko kushoto kama wangu.

Kwa hiyo moyo wake, ambao haukuwa na kosa lolote, ndio uliolitaja kosa la mapafu. Daktari angeukuta kushoto, huenda tungerudishwa tena kwenye vidonge vya chungwa.

Dawa ya kuvirudishia vinyweleo mwendo haikuwepo. Tulifundishwa kumlaza kifudifudi kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, na kumgonga mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama vikombe, asubuhi na jioni, mpaka makohozi yatoke. Tuliambiwa homa ikianza asisubiri, apelekwe apewe antibayotiki. Na neno kifua kikuu likafutwa kwenye karatasi zake. Alisoma mwenyewe mahali lilipofutwa, mara mbili, akiufuatisha mstari kwa kidole.

Tulirudi Korogwe pamoja. Mama alikuwa anatusubiri barazani, na kabla hata ya kutupa chai akaitaka bahasha. Akaitoa filamu mpya, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga kama alivyowaona madaktari wanavyofanya.

"Haya, moyo wa mwanangu uko wapi?"

Mdogo wangu akasogea, akaangalia kwanza pembeni.

"Umeigeuza, mama," akasema, na akaishika mikono ya mama iliyoishika filamu, akaizungusha polepole mpaka herufi ikakaa sawa. "Sasa angalia. Huyu ndiye mimi."