Wachawi watatu kwa kibodi moja

World of Warcraft Classic, gemu ya kompyuta ya kucheza mtandaoni, ilipotoka Agosti 2019, wenzangu wote hapa Malindi walikuwa wameshahamia gemu za simu. Sikuwa na kundi la kuingia nalo mapangoni, basi nikajiundia langu: wachawi watatu, akaunti tatu, laptopu moja. Kila akaunti ina ada yake ya mwezi, na hapo ndipo mfuko unapouma. Programu ya kuwaongoza wote kwa pamoja, HotkeyNet, ilikuwa ya bure.

Kazi yake ni kurusha vitufe. Unabonyeza mara moja, kila dirisha la gemu linapokea. Haikuchezei, ukitoa mkono, wote wanasimama kama milingoti.

Maagizo unayaandika kwenye faili la kawaida: kila dirisha unalipatia jina, kisha unataja vitufe vya kurushwa. Wengi huhangaikia orodha hiyo. Mimi nasema shughuli iko kwenye sehemu ya except, yaani vitufe vya kubaki dirisha moja tu. Nilivitoa W, A, S na D, vitufe vya kutembea, kwa sababu karakta aliyepewa amri ya /follow huacha kufuata pindi ukimsogeza.

Halafu kuna kuandika ujumbe. Ukimwandikia mtu "mambo" kwenye dirisha moja, herufi zilezile zinaangukia kwingine kama amri: m inafungua ramani, b inafungua begi, na adui yuko mbele yako. Dawa ni kuandika ScrollLockOn kwenye maagizo, ili urushaji ufanye kazi taa ya Scroll Lock ikiwaka tu. Laptopu yangu haina kitufe hicho, ikabidi ninunue kibodi ya USB mjini.

Kingine: gemu ikifunguliwa kwa ruhusa za msimamizi na HotkeyNet ikakosa, Windows inavizuia vitufe visifike. Zote zipewe ruhusa sawa. Ili wachawi wapige adui mmoja, wale wawili niliwawekea makro, yaani amri kadhaa kwenye kitufe kimoja, inayoanza na /assist na jina la kiongozi, ndipo moto ufuate. Madirisha yao nikayashusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Kwa joto letu la Machi, feni ililalamika vilevile.

"Kaka, hao wote ni wewe?" mdogo wangu aliniuliza, wachawi wanarusha moto kwa pamoja. Raha yake siifichi.

Novemba 2020 Blizzard, wenye gemu, wakapiga marufuku programu hizi: onyo kwanza, baadaye kusimamishwa au kufungiwa akaunti kabisa. Wenye EVE Online, gemu nyingine ya mtandaoni, walishazikataza tangu Januari 2015. Kumiliki akaunti kadhaa hakukukatazwa; kilichokatazwa ni kitufe kimoja kugawiwa wote. Nikaifuta HotkeyNet. Nimebaki na akaunti mbili, mchawi na mponyaji, na nahama dirisha kwa Alt na Tab. Mponyaji huchelewa, mchawi hufa mara kwa mara, ila ada imepungua.